Ujerumani ama Japani: venye tulilinganisha kabla ya kulipa ejenti

Wadau hii ni ndefu kidogo, lakini kama uko na mtoto ama ndugu anafikiria kwenda kutunza wazee majuu, ama ni wewe mwenyewe, tafadhali soma yote kabla utoe hata shilingi.

Ilianza hivi. Binti ya dadangu alimaliza fomu foo mwaka juzi, anakaa na mimi hapa Mamboleo, Kisumu. Siku moja akanijia na karatasi ya ejenti fulani, ati Japani wanataka keagiva, na anatakiwa kutoa laki mbili unusu "ya kushikilia nafasi". Wiki hiyo hiyo binamu yangu wa Nakuru, nesi mwenye diploma ya KRCHN, yaani unesi wa afya ya jamii, na mama ya watoto wawili, akanipigia kuniambia amesikia Ujerumani wanachukua Wakenya laki mbili unusu. Sasa nikawa na laki mbili unusu mbili kichwani, moja ya pesa na moja ya watu, na nikawaambia wote wawili watulie kwanza tuangalie hii kitu pole pole. Tumeangalia miezi kadhaa, na mimi nilikuwa naandika kwa daftari. Hii ni hiyo daftari.

Nianze na hiyo ya watu laki mbili unusu juu bado inazunguka. Mkataba upo, ni kweli, Rais Ruto na Kansela Scholz walikuwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024 wakati ulisainiwa, unahusu wafanyakazi wenye ujuzi na pia kurudisha Wakenya wasio na karatasi. Lakini ile nambari ya 250,000 ilipoanza kutangazwa, wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilijitokeza ikasema si kweli, kwamba mkataba hauna nambari yoyote wala kiwango cha watu. Kwa hivyo hakuna viti laki mbili unusu vinakungoja. Kuna mlango, na kila mtu anaingia na karatasi zake mwenyewe.

Na mbona wanatutaka kwanza? Hapa ndo nilishangaa. Mwaka wa 2024 Japani, nchi ya watu zaidi ya milioni 120, walizaliwa watoto 686,061 pekee, mara ya kwanza kwenda chini ya laki saba tangu waanze kuhesabu. Waliokufa mwaka huo ni kama milioni 1.6. Ujerumani, watu kama milioni 83, walizaliwa 677,117 na wakafa kama milioni moja. Yaani nchi moja ni kubwa kuliko nyingine kwa watu milioni arobaini hivi na bado wanapata watoto karibu sawa, so hapo unaona nani ako na shida kubwa zaidi. Sisi Kenya tukiwa milioni 47.6 kwenye sensa ya 2019, wodi zetu za kujifungua zinapokea zaidi ya milioni moja kila mwaka. Japani karibu mtu mmoja kati ya kila watatu na nusu amepita miaka 65, na Septemba 2025 walihesabu watu 99,763 waliofikisha miaka 100 kwenda juu, wengi wao wamama. Nilimsomea nyanya ya huyu msichana hiyo nambari akasema basi huko wanakula vizuri.

Serikali ya Japani yenyewe imepiga hesabu kwamba ifikapo 2040 itahitaji watu 570,000 zaidi wa kutunza wazee kuliko waliokuwako 2022. Ujerumani mwisho wa 2023 ilikuwa na watu milioni 5.7 wanaohitaji kutunzwa, na ofisi yao ya takwimu ilisema kufikia 2049 wanaweza kukosa manesi na watunzaji kati ya 280,000 na 690,000. Kwa hivyo kazi iko pande zote. Swali langu kwa hawa wasichana wangu wawili halikuwa kama kazi iko. Nilitaka wajue nchi gani inataka wewe ukae, na gani inataka mikono yako kwa muda halafu urudi kwenu. Hilo ndo lilitusaidia kuliko mshahara.

Lugha

Tulianza hapa juu hapa ndo pesa inaanza kutoka mfukoni. Kijerumani kina ngazi, A1, A2, B1, B2, halafu C mbili. Kwa mafunzo ya kazi ya unesi, ile wanaita Ausbildung, utahitaji B1 angalau, na waajiri wengi wanataka B2. Kwa nesi aliyesoma tayari kama binamu yangu, B2 ndo ile kwa kawaida inatakiwa kabla wakutambue kama nesi kamili. Ukisoma kila siku kwa bidii, B1 ni kama miezi nane hivi, B2 ni mwaka na zaidi kwa mtu wa kawaida, na ukiwa unauza duka mchana usijidanganye itaisha haraka.

Japani kwa ile visa ya kazi ya ujuzi maalumu, Tokutei Ginou, wanaanza na N4, ambayo ni ya pili kutoka chini kwa ngazi tano, pamoja na mtihani wa kazi yenyewe na mtihani mwingine mdogo wa Kijapani cha kutunza wazee. Ukiangalia haraka utasema Japani ni rahisi, na ejenti hivyo ndo anasema.

Lakini kuna vitu mbili. Kuongea, mtu wa Kiswahili Kijapani kinamkubali kabisa, vokali ni zile zile zetu a e i o u, maneno yanaisha na vokali, sakana, tatami, unasoma vile imeandikwa. Binti ya dadangu alijifunza salamu kwa siku mbili nikadhani anaongea Kigiriyama. Halafu ikafika kuandika. Herufi 46 za aina moja, 46 zingine za aina nyingine, na juu yake hizo picha za kanji, na hapo kwa N4 unatakiwa kujua kama mia tatu hivi. Kwa kazi ya kutunza wazee kila siku unaandika ripoti ya vile mzee amekula, amelala, amepata choo, so kanji haikimbiliki.

Kijerumani ni kinyume. Kusoma unaweza kuanza leo, herufi ni hizi hizi, lakini mdomo unakataa. Pflegefachfrau, yaani nesi, jaribu kusema bila kuongeza vokali katikati. Na ile der, die, das inalemea watu sana, ingawa mimi naona sisi tumekulia kwa ngeli, kiti hiki, meza hii, mlango huu, kwa hivyo wazo la kwamba kila nomino iko na familia yake si geni kwetu, ni kukariri tu nani ni wa familia gani. Mwalimu mmoja hapa taoni alimwambia binti ya dadangu hivyo na naona ilimsaidia.

Mtihani wa Kijerumani wengi wanafanyia Goethe-Institut Nairobi, kwa hivyo ukiwa huku magharibi weka nauli ya kwenda na kurudi na pa kulala, na uwe tayari kurudia sehemu moja ukianguka. Watu wengi hawaweki hii kwa bajeti.

Muda wa kukaa, na hapa ndo nataka msome polepole

Japani hiyo visa ya Tokutei Ginou ilianza Aprili 2019. Daraja la kwanza kwa kawaida unakaa miaka mitano jumla, na huwezi kuleta mume, mke wala mtoto. Miaka mitano. Kuna daraja la pili ambalo unaweza kuongeza bila mwisho na kuleta familia, lakini kutunza wazee haimo kwenye daraja la pili. Hii hakuna ejenti alituambia. Njia ya keagiva kubaki ni kufanya kazi miaka mitatu, umalize mafunzo yanayotakiwa, halafu upite mtihani wa kitaifa wa watunzaji, kwa Kijapani, ule ule Wajapani wanafanya. Ukipita unapata visa ya kazi ya utunzaji yenyewe, na hapo unaongeza na familia inaweza kuja. Watu wanapita, sisemi haiwezekani, lakini unaenda ukijua una miaka mitano ya kufanya huo mtihani huku unafanya kazi za shifti.

Kibali cha kudumu huko kwa kawaida ni miaka 10, na katika hiyo 10 mitano lazima iwe kwa visa ya kazi ya daraja lingine, si hii ya kwanza. Na ukitaka uraia wa Japani unaacha wa Kenya juu hawakubali uraia wa nchi mbili.

Ujerumani kwa nesi aliyetambuliwa ama aliyemaliza Ausbildung pale pale ni tofauti kabisa. Aliyesomea kazi huko anaweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka miwili ya kazi, aliyetoka na ujuzi wake nje kama binamu yangu ni miaka mitatu akitambuliwa, Kijerumani kikiwa sawa na michango ya pensheni imelipwa. Uraia unaweza kuomba baada ya miaka mitano, na tangu Juni 2024 unaruhusiwa kubaki Mkenya, na katiba yetu ya 2010 pia inaruhusu. Walikuwa wameweka njia ya miaka mitatu kwa wale wamejitahidi sana lakini waliifuta Oktoba 2025, kwa hivyo ukiona video inakuambia miaka mitatu jua ni ya zamani.

Sasa si ati Wajerumani walizaliwa wakikaribisha watu. Walileta Waitaliano kwa mkataba wa 1955, Waturuki 1961, wakawaita wafanyakazi wageni, wazo likiwa watafanya kazi kidogo warudi kwao. Wakafunga mlango 1973. Mwaka wa 1983 wakatoa hata pesa, mark 10,500, kwa mtu akubali kwenda kwao. Wengi hawakwenda, walikuwa na watoto shuleni, na leo wajukuu wao ni madaktari na wabunge huko. Ilichukua nchi miaka mingi sana kukubali kwamba aliyekuja kufanya kazi amekuja na maisha yake yote. Japani nao walileta watu wa Brazil wenye asili ya Kijapani kutoka 1990, uchumi ulipoanguka wakawapa yeni 300,000 kila mfanyakazi mwaka wa 2009 warudi. Naona Japani bado wako mahali Ujerumani walikuwa zamani, wanatafuta mikono na wanaogopa maisha yanayokuja na hiyo mikono. Hiyo ni maoni yangu, lakini sheria zao za visa zinasoma hivyo.

Kuna pia ile programu ya zamani ya Japani ya mafunzo ya ufundi, ilianza 1993, ile mfanyakazi kwa kawaida hakuruhusiwa kubadilisha mwajiri, na mwaka wa 2023 peke yake walitoroka watu 9,753. Bunge lao lilipitisha sheria 2024 ya kuiondoa, mpya inaanza 2027 na itaruhusu kubadilisha mwajiri baada ya mwaka mmoja ama miwili. Tokutei Ginou yenyewe tayari inaruhusu kuhama kama ni kazi ya aina hiyo hiyo. Kwa hivyo ejenti akikuletea kontrakti ya Japani uliza jina la visa. Jina la visa kabla ya mshahara.

Pesa

Hesabu hizi ni kabla ya makato, na euro moja nimeiweka kama shilingi 150, yeni moja haifiki shilingi moja.

Ujerumani kima cha chini cha msaidizi wa kutunza wazee kiliwekwa euro 16.10 kwa saa Julai 2025, nesi aliyehitimu 20.50. Ukifanya masaa 160 kwa mwezi msaidizi ni kama euro 2,576, hiyo ni karibu shilingi laki tatu na elfu themanini na kitu. Mwanafunzi wa Ausbildung ya unesi kwa waajiri wa umma mwaka 2025 alikuwa anaanza na kama euro 1,400, na inapanda kila mwaka kwa miaka mitatu. Shule hailipishwi, ni wewe unalipwa ukisoma. Kwa mtoto wa fomu foo ambaye hapa nyumbani angelipiwa karo miaka mitatu, hiyo kitu ni kubwa. Waajiri binafsi wengine wanalipa kidogo kuliko hiyo kwa hivyo soma kontrakti.

Japani wastani wa kima cha chini nchi nzima uliwekwa yeni 1,121 kwa saa mwaka 2025, mikoani kuko chini ya hapo na Tokyo juu. Masaa 160 ni kama yeni 179,000, na hiyo haifiki laki moja na elfu themanini za Kenya. Sheria inasema wakulipe sawa na Mjapani anayefanya hiyo kazi, na nyumba za wazee nyingi zinasaidia na chumba. Yeni imeanguka miaka hii, mtu aliyetuma nyumbani zamani alikuwa anapata zaidi kwa kazi ile ile.

Makato Ujerumani ni mazito, mwanafunzi anakatwa kama sehemu moja kwa tano, aliyehitimu anafika zaidi ya theluthi kama hana familia, na kodi ya nyumba miji mikubwa kama Munich inauma. Hata hivyo kwa pesa peke yake Ujerumani iko mbele na sioni tukibishana hapo.

Kazi yenyewe

Hii ilileta ubishi kwa simu kati yangu na binamu. Yeye kwa wodi yake Nakuru anaweka kanula, anazalisha, usiku mwingine ako peke yake na wagonjwa kibao. Ujerumani nesi pia anaogesha, anavalisha, anapeleka choo, hata hospitalini, juu huko hakuna ndugu wa mgonjwa anakuja na flaski ya chai na beseni kumfanyia hiyo. Na kabla karatasi zake zikubaliwe atafanya kama msaidizi, huku akimaliza mafunzo ya kujazia ama mtihani wa kuonyesha ujuzi, inategemea barua ya ofisi ya Ujerumani inayokagua karatasi inasema nini kimepungua. Manesi wengi wa Kenya wanaumia roho hapo, wanasema nilisoma miaka mitatu kuja kuosha watu. Nilimwambia ajipime kwanza. Kama atalia miezi sita ya kwanza juu ya hiyo, heri ajue saa hii akiwa kwake Section 58, Nakuru, na watoto wake.

Binti ya dadangu hana hiyo shida juu amemtunza nyanya yake akiwa na kiharusi, anajua kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda. Lakini wazee wa huko wengi wana ugonjwa wa kusahau, wengine watakukataa usiwashike juu ya rangi yako, na unatakiwa ubaki mpole kwa lugha ambayo bado inakushinda. Japani ni hivyo hivyo, na huko Wakenya ni wachache sana, wageni wanaofanya kazi walikuwa milioni 2.3 Oktoba 2024 na kundi kubwa zaidi ni Wavietnam. Ukipatwa na upweke hakuna kanisa la Wakenya mtaa wa pili. Ujerumani Waafrika wako, vikundi viko, mtu wa kukuuzia unga wa ugali utampata.

Siasa

Haraka tu. Pande zote mbili kuna watu hawatutaki. Ujerumani chama cha AfD kilipata asilimia 20.8 uchaguzi wa Februari 2025, kikawa cha pili. Japani Julai 2025 chama kilichokuja na neno "Wajapani kwanza" kilipata viti 14 kwa nyumba ya juu ya bunge, halafu Agosti JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, likatangaza miji minne kuwa miji rafiki ya Tanzania, Nigeria, Ghana na Msumbiji, watu wakadhani ni mpango wa kuhamisha Waafrika huko, simu zikamiminika kwa hiyo miji mpaka mpango ukafutwa Septemba. Ulikuwa mpango wa kutembeleana tu. Nilihuzunika sana nikisoma hiyo. Angalia tu mahali unaenda, mji kwa mji, juu kijiji na jiji si sawa.

Na Uingereza je?

Wengi wananiuliza. Keagiva, mlango umefungwa. Waliufungua Februari 2022, Machi 2024 wakakataza kuja na familia, na tarehe 22 Julai 2025 wakaacha kabisa kuajiri keagiva wapya kutoka nje. Manesi waliosajiliwa bado wana njia, na kuna mkataba wa Kenya na Uingereza wa 2021 wa manesi. Lakini mtu akikuuzia visa ya keagiva ya Uingereza saa hii, mkimbie. Pia inakuonyesha vile hizi nchi zinaweza kubadilika kwa miaka mitatu tu, ndo maana nauliza sana kuhusu kukaa.

Ejenti

Mdogo wangu wa kiume aliwahi kulipa mtu fulani huku kwetu elfu themanini ya kazi ya nje ambayo haikuwahi kuwepo, na mama aliuza ng'ombe wawili kwa hiyo. Na 2023 tuliona wazazi wa Uasin Gishu waliolipia watoto kwenda kusoma Finland na Canada wakilia barabarani Eldoret. Kwa hivyo hapa mimi ni mkali. Angalia jina la ejenti kwa orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, na usimame kwa ofisi yao kwa miguu yako. Usilipe "kushikilia nafasi". Pesa ya kwanza iende kwa darasa la lugha na pasipoti, ya kurasa 34 ni 7,500 na Kisumu tuna ofisi ya immigration huhitaji kwenda Nairobi. Lugha ikishaingia kichwani hakuna ejenti anaweza kukunyang'anya, na ukiwa na B1 mkononi unaweza kuandikia hospitali za Ujerumani mwenyewe, nafasi za Ausbildung ziko kwa intaneti wazi na hazilipiwi.

Sasa nani aende wapi

Kama hujaenda chuo, huna mtoto, uko na miaka ishirini na kitu, unataka kufanya kazi miaka mitano uweke pesa urudi ujenge, na unaipenda Japani kwa kuipenda, nenda Japani. Karatasi wanazotaka ni chache, diploma hawaulizi, mitihani ukipita umepita. Nchi ni salama na wazee wake wanaheshimiwa. Nenda ukijua tarehe ya kurudi, ama uanze kujitayarisha kwa ule mtihani wa kitaifa siku ya kwanza.

Kama uko na watoto ama unataka kuwa nao mahali uko, Japani ya daraja la kwanza usiiguse. Kuacha mtoto wa miaka minne na umkute wa tisa, hapana. Binamu yangu alikuwa ameanza kushawishika juu karatasi za Japani ni haraka, na hii ndo ilimrudisha.

Na kuna la tatu, kubaki. Sitaki kulipita. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya kama milioni 2.7 wa miaka 60 kwenda juu, na hao wataongezeka, na wodi ya binamu yangu akiondoka itabaki na pengo ambalo mama fulani wa Njoro atalihisi saa nane usiku. Yeye analijua hilo kuliko mimi na linamnyima usingizi. Lakini pia tuna manesi wamehitimu wanakaa nyumbani bila kazi miaka, wanauza mitumba soko la Kibuye hapa Kisumu, kwa hivyo sikuweza kumwambia usiende kwa ajili ya nchi wakati nchi ina watu wa kujaza hiyo nafasi na haiwaajiri. Nilimwambia tu kama angepata kazi ya kudumu yenye pensheni huko Nakuru angefikiria upya? Akasema ndio bila hata kuwaza. Alikuwa ameshaomba mara nne.

Kwa hivyo saa hii ako hivi. Amepeleka karatasi zake za chuo na za baraza la manesi kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, anasoma B1 jioni akitoka shifti, na amejipa mwaka na nusu, watoto wakibaki na baba yao hadi atambuliwe rasmi ndo waanze kuomba kumfuata.

Binti ya dadangu ile laki mbili unusu hatukulipa. Tulichanga kidogo kidogo, dadangu, mimi na mjomba wake wa Kakamega, akaanza darasa la Kijerumani, kila asubuhi anachukua matatu ya kwenda taoni. Bado anaangalia video za Japani usiku na simkatazi. Lakini nyumba yangu yote imejaa vikaratasi, mlango umeandikwa die Tür, dirisha das Fenster, sufuria ya ugali der Topf, na jana nyanya yake alikuja kututembelea akasimama mbele ya friji akauliza hii nayo inaitwaje.